Albariño: Mambo ya Kufanya na Kutofanya na Mvinyo wa Galicia

Albariño ni zabibu nyeupe ya Galicia, pembe ya kaskazini-magharibi ya Hispania, pale ambapo Atlantiki huingia bara kwa ghuba ndefu zinazoitwa rías. Ghuba za kusini, yaani Rías Baixas, ndizo zilizolipa jina eneo la mvinyo lililotambuliwa rasmi mwaka 1988. Sehemu kubwa ya mvinyo wa huko haionji pipa la mwaloni. Zabibu hukamuliwa, maji yake huchachuliwa kwa joto la chini ndani ya matangi ya chuma cha pua, na mvinyo hutiwa chupani ungali na uchachu wake na harufu ya tunda lake.

Masharti yote yaliyo hapa chini yanatokana na jambo hilo moja. Mvinyo uliolala pipani hutoka na harufu ya mbao, vanila na moshi, na harufu hizo huweza kuficha kosa dogo la mwenye duka au la mwenye nyumba. Albariño hauna cha kujifichia. Ukiuacha juani utajulikana, ukiuchelewesha utajulikana, ukiupa chakula kisichoufaa utajulikana vilevile. Wakulima wa Galicia hufanya kazi mwaka mzima kuulinda ubichi wake. Chupa ikishatoka mikononi mwao, mlinzi anayebaki ni wewe, na ulinzi huo una kanuni.

KABLA YA KUNUNUA

Ujue unatoka wapi. Usinunue mvinyo huu kwa sababu chupa ni nzuri au jina linapendeza kutamka. Rías Baixas ni nchi ya mvua, wastani wa milimita 1,600 kwa mwaka, na udongo wake ni wa matale yaliyomomonyoka, unaopitisha maji upesi. Mzabibu kwenye unyevu wa namna hiyo huozeshwa na ukungu usipoangaliwa. Ndiyo maana wakulima wengi huutambaza juu ya vichanja vinavyoitwa parra: nguzo za mawe ya matale zimesimamishwa shambani, nyaya zimepitishwa juu yake, majani yametanda juu ya kichwa cha mtu na vishada vinaning'inia chini ya majani. Upepo wa bahari hupita chini ya kichanja na kuzikausha zabibu baada ya mvua. Chini yake, wenye mashamba madogo wamezoea kupanda viazi na kabichi. Mavuno huja Septemba, na huvunwa kwa mikono. Zabibu hupangwa katika masanduku madogo ya kilo 20 hivi, kwa kuwa zikirundikwa nyingi, za chini hupondeka na maji yake huanza kuharibika kabla ya kufika kiwandani. Mtu aliyejua hayo hataitupa chupa kwenye buti la gari lililoegeshwa juani.

Soma lebo yote, mbele na nyuma. Maneno "Rías Baixas Albariño" yana maana ya kisheria: mvinyo wote uliomo umetokana na zabibu ya Albariño, asilimia 100. Ukiona jina la eneo dogo, litumie. Val do Salnés, lenye mji wa Cambados, liko kando ya bahari, lina baridi na unyevu zaidi, na mvinyo wake huwa mkali na wenye ladha ya chumvi. Condado do Tea liko ndani zaidi, kandokando ya mto Miño unaopakana na Ureno, lina joto zaidi, na mvinyo wake huwa na tunda lililoiva. O Rosal liko karibu na mdomo wa mto huohuo, na huko Albariño mara nyingi huchanganywa na zabibu nyingine za kienyeji kama Loureira. Soutomaior na Ribeira do Ulla ndiyo maeneo mawili yaliyoongezwa baadaye.

Tafuta neno linalokuonya. Ukikuta "Barrica" kwenye lebo, mvinyo huo umepitia pipa. Huenda ni mzuri sana, ila siyo huu tunaouzungumzia, na kanuni zake ni nyingine. Ukikuta "sobre lías", maana yake mvinyo umekaa kwa muda juu ya mashapo ya hamira yaliyotua chini ya tangi baada ya kuchachuka. Huko hupata unene kidogo na ladha inayokumbusha mkate, bila mbao. Huo ni ndugu wa kweli wa Albariño wa kawaida, na anayekula samaki wa mafuta au kaa atautafuta kwa makusudi.

Angalia mwaka wa mavuno kabla ya bei. Albariño wa kawaida hunywewa ndani ya mwaka mmoja hadi mitatu baada ya mavuno. Chupa ya miaka sita inayouzwa kwa punguzo ni mzigo uliokwama. Mivinyo michache iliyotengenezwa kwa mashapo na kwa uangalifu mkubwa hukua vizuri chupani kwa miaka mingi, lakini watengenezaji wake husema hivyo waziwazi na bei yake huonyesha. Kama hukuambiwa, usijipe tumaini.

Usinunue chupa iliyokaa dirishani. Mwanga wa jua, hata wa taa kali za rafu, huamsha ndani ya mvinyo mweupe mabadiliko yanayoleta harufu ya kabichi iliyochemshwa. Joto nalo huzeesha. Katika miji ya pwani kama Dar es Salaam na Mombasa hatari hiyo ni maradufu, kwa maana kontena, ghala na duka lisilo na kiyoyozi vyote vimo njiani. Tazama kizibo: kikiwa kimejisukuma nje kidogo, au pakiwa na alama ya mvinyo uliovuja chini ya kifuniko, chupa hiyo imechemka. Tazama rangi pia. Albariño kijana huwa na manjano hafifu, mara nyingine yenye kivuli cha kijani. Ukiona rangi ya shaba au ya chai ya rangi, irudishe rafuni, hata muuzaji aseme nini.

Usidhani kila chupa yenye jina hili imetoka Galicia. Ng'ambo ya mto Miño, Wareno wana zabibu hiyohiyo, nao huiita Alvarinho. Ile ya Monção na Melgaço ni ya kuheshimiwa kabisa. Sehemu nyingine za dunia zimeipanda pia, na siyo kila mara kwa usahihi. Australia walipanda miche waliyoamini ni Albariño, iliyokuwa imetoka Hispania, hadi uchunguzi wa vinasaba ulipothibitisha mwaka 2009 kwamba ilikuwa Savagnin, zabibu ya Jura, Ufaransa. Kama watu wa taaluma walidanganyika, wewe unayenunua usiku baada ya kazi una sababu zaidi ya kusoma mahali mvinyo ulipotengenezwa.

Usikidharau kifuniko cha kusokota. Wapo wanaokiona kama alama ya mvinyo wa bei ya chini. Kwa mvinyo unaotakiwa kubaki mbichi, kifuniko hicho hufunga vizuri na hakileti ile harufu ya kuvu iitwayo ugonjwa wa kizibo. Hukumu kilichomo ndani.

CHUPA IKIFIKA NYUMBANI

Ihifadhi gizani na mahali pa baridi. Kabati la chini, mbali na jiko na mbali na ukuta unaopigwa na jua la mchana, linatosha kwa wiki chache. Kama nyumba ina joto mchana kutwa, iweke moja kwa moja kwenye friji na uinywe mapema. Chupa yenye kizibo cha gome, kama itakaa zaidi ya mwezi, ilaze, ili mvinyo ukiguse kizibo na kisikauke. Chupa ya kifuniko cha kusokota inaweza kusimama.

Usiiweke juu ya friji. Ni mahali watu wengi wanapoweka chupa kwa kuwa panaonekana, na ni pabaya kupita pote jikoni. Joto linalotoka kwenye mashine hupanda na kukaa hapo usiku na mchana, na mtikisiko wa injini hauiachi chupa itulie. Wiki tatu za hapo hufuta miezi ya kazi ya mkulima.

Usianzishe akiba ya Albariño wa kawaida. Kununua makasha na kuyaficha kwa miaka kumi ni adabu ya mivinyo mingine. Harufu ya maua na tunda bichi, ambayo ndiyo uliyoilipia, ndiyo ya kwanza kuondoka. Kinachobaki ni uchachu usio na cha kuushika. Nunua chupa utakazokunywa, zikiisha nunua za mavuno mapya.

KUUPOZA

Upoze hadi nyuzi 8 au 10 za Selsiasi. Saa mbili hadi tatu ndani ya friji ya nyumbani zinatosha. Baada ya hapo, chupa ikae mezani dakika kumi kabla ya kumimina. Ule wa "sobre lías" upewe joto kidogo zaidi, nyuzi 10 hadi 12, ili unene wake usikike. Kama wageni wamewahi na chupa bado ina joto la chumba, chukua ndoo, tia barafu nusu na maji nusu, ongeza konzi ya chumvi, na uizamishe chupa hadi shingoni. Dakika 20 zinatosha. Barafu tupu bila maji haifanyi kazi hiyo, kwa sababu vipande huigusa chupa hapa na pale tu, na katikati yake ni hewa. Maji hulizunguka umbo lote la chupa, na chumvi huyashusha maji hayo chini ya sifuri.

Usiiache kwenye friza na kwenda zako. Mvinyo wa asilimia 12 au 13 huanza kuganda kwenye nyuzi 5 hivi chini ya sifuri, na friza ya nyumbani ina baridi kuliko hapo. Ukiganda huvimba, hukisukuma kizibo au huipasua chupa. Hata chupa ikipona, kizibo kilichosogea kimeshaingiza hewa. Kama huna budi, weka kengele ya simu ya dakika 25 na uitii.

Usiupoze mpaka ulimi ufe ganzi. Mvinyo wa nyuzi 3 hauna harufu. Wenye mabaa hupenda kuutoa hivyo kwa sababu baridi kali huficha mvinyo mbovu. Mvinyo mzuri hauhitaji kufichwa. Ukipewa hivyo, usione haya kuusubiri.

Usitie barafu ndani ya glasi. Barafu ikiyeyuka, umekunywa maji yenye kumbukumbu ya zabibu. Usitie soda wala juisi. Anayetaka kinywaji cha kuchanganya achukue mvinyo wa bei ndogo uliotengenezwa kwa kazi hiyo. Glasi ikipata joto, mimina kidogo kidogo na uirudishe chupa kwenye ndoo. Hiyo ndiyo dawa.

KUFUNGUA NA KUMIMINA

Unuse kabla ya kumpa mgeni. Mimina kidogo kwenye glasi yako, zungusha, nusa. Harufu ya boksi lililoloa, au ya stoo iliyoota kuvu, ni ugonjwa wa kizibo. Hautamdhuru mtu, ila hautibiki, na kadiri unavyokaa ndivyo unavyozidi kunuka. Kwenye mgahawa, mwambie mhudumu kwa upole na bila kusitasita, naye anapaswa kukubadilishia. Kujikaza na kuunywa kwa sababu umeshafunguliwa si adabu njema. Ni kulipia kitu kibovu.

Tumia glasi yenye mguu, na uishike mguu. Glasi ya wastani inayobana kidogo juu inatosha. Isiwe kubwa kama ya mvinyo mwekundu, isiwe bilauri ya maji. Kiganja chako kina joto la nyuzi zaidi ya 30, na ukilizungushia tumbo la glasi unaupasha mvinyo kwa mkono wako mwenyewe. Glasi isinuke sabuni wala kitambaa chenye unyevu. Suuza kwa maji mengi, iache ikauke yenyewe.

Usijaze glasi. Theluthi moja ni kipimo. Nafasi iliyobaki ni ya harufu, na bila harufu umebakiwa na uchachu mtupu. Glasi iliyojaa pia huachwa ipate joto kabla haijafika nusu. Mwenyeji anayejaza mpaka ukingoni kwa kuonyesha ukarimu amemnyang'anya mgeni wake nusu ya kinywaji.

Onja kwa utaratibu. Nusa kwanza bila kuzungusha: utapata ndimu, tofaa la kijani, pichi, mara nyingine ua la mchungwa. Zungusha, nusa tena. Kisha piga funda dogo, ulitembeze mdomoni lifike pande zote. Uchachu utausikia, mate yatajaa. Baada ya kumeza, subiri. Albariño wa Salnés ukiwa mzuri huacha nyuma ladha ya chumvi na uchungu kidogo kama wa ganda la balungi, na ladha hiyo hudumu. Ukipotea mara tu unapomeza, umenunua mvinyo wa kawaida, sasa unajua.

Usiitupe chupa kwa sababu ya chembe zinazong'aa. Ukiona chini ya chupa au kwenye kizibo punje kama za sukari, siyo vioo wala uchafu. Ni chumvi ya asidi ya zabibu iliyoganda kwa baridi, ileile inayotumika kutengenezea baadhi ya hamira za keki. Haina madhara. Mimina taratibu, ibaki chini. Vilevile vipovu vidogo vinavyochezacheza ulimini kwenye chupa changa ni gesi iliyobaki baada ya kuchachuka, na wapo watengenezaji wanaoiacha makusudi ili mvinyo uwe mchangamfu.

MEZANI

Uunywe pamoja na vitu vya bahari. Hili ndilo sharti kubwa kuliko yote. Mvinyo huu umekua ukitazamana na chakula chake. Kwenye ghuba (ría) ya Arousa, mbele ya mashamba ya Salnés, yamepangwa majukwaa ya mbao yanayoelea, yanayoitwa bateas. Chini ya kila moja zinaning'inia kamba ndefu zilizojaa kome, na Galicia ndiyo inayoongoza Ulaya kwa ufugaji huo. Kome hao hupikwa kwa mvuke mpaka wafunguke tu, basi. Kuna chaza, kaa, kamba, na percebes, viumbe wa maganda wanaong'ang'ania miamba inayopigwa na mawimbi, ambao wavunaji wake huhatarisha maisha kuwabandua. Chakula cha namna hiyo hupikwa kwa maji ya chumvi na kuachwa hivyo. Uchachu wa mvinyo hufanya kazi ambayo mchuzi ungefanya.

Jifunze kwa pweza. Tazama anavyopikwa pweza wa Galicia, pulpo á feira. Mpishi, ambaye kwa desturi ni mwanamke na huitwa pulpeira, husimama mbele ya sufuria ya shaba yenye maji yanayotokota. Humshika pweza kichwani, humzamisha na kumtoa mara tatu kabla ya kumwachia achemke, ili ngozi isichubuke. Akiiva, mikono yake hukatwa kwa mkasi vipande vya duara juu ya sahani ya mbao, ikanyunyizwa chumvi ya mawe, unga wa pilipili nyekundu isiyowasha sana, na mafuta ya zeituni. Basi. Pweza ni laini, mafuta yamepaka mdomo mzima, chumvi inadai kinywaji. Funda la Albariño huyakata mafuta, na kipande kinachofuata hukutana na ulimi safi kama cha kwanza. Pweza wa kuchoma wa pwani ya Afrika Mashariki, asiyezidishiwa viungo, ataelewana nao kwa sababu hiyohiyo, na changu au tasi wa mkaa pia.

Usiogope ndimu. Wengi hudhani mvinyo mchachu na chakula kichachu vitagombana. Ni kinyume chake. Chakula chenye ndimu huufanya mvinyo usio na uchachu uonekane umepoa na kukosa nguvu, ila Albariño unao uchachu wa kutosha kusimama. Kamulia samaki wako kwa kiasi, bila woga.

Usiupeleke kwenye pilipili kali wala sukari. Pombe huongeza mwasho wa pilipili, na mwasho ukishaushika ulimi, harufu ya pichi na maua haina pa kukaa. Pilipili ya kuchangamsha mdomo inavumilika. Ya kutoa machozi haivumiliki. Samaki wa nazi asiyewasha anafaa, hasa kwa mvinyo wa "sobre lías". Keki, kaimati na visheti havifai kabisa: utamu wa chakula ukizidi wa mvinyo, mvinyo hugeuka mkali na mwembamba. Nyama ya ng'ombe yenye mchuzi mzito nayo itaumeza. Usiulaumu mvinyo kwa kazi isiyo yake.

Usidharau vyakula vidogo. Pilipili za kijani za Padrón zilizokaangwa kwa mafuta na chumvi, jibini laini ya Galicia iitwayo tetilla, empanada ya samaki: hivyo ndivyo wenyeji huvitanguliza. Korosho za chumvi na vipande vya samaki wa kukaanga vitafanya kazi hiyohiyo nyumbani kwako.

WATU NA AFYA

Usimshurutishe asiyekunywa. Miongoni mwa wasomaji wa Kiswahili ni wengi wasiogusa pombe kwa imani, kwa afya au kwa uamuzi wao tu. Usiwaulize sababu, usiwatanie, usiwaonjeshe "kidogo tu". Andaa madafu, juisi ya ukwaju au maji yenye ndimu, vyote vya baridi, na uviandae kwa glasi safi kama za wengine. Meza inayompa mmoja heshima na mwingine aibu imeharibika, hata mvinyo uwe mzuri vipi. Wala usimpikie mtu chakula chenye mvinyo bila kumwambia.

Usiuhesabu kama juisi. Baridi na uchachu huificha nguvu yake. Chupa ya mililita 750 hutoa glasi tano za mililita 150, na kila glasi ya mvinyo wa asilimia 12.5 ina takriban gramu 15 za pombe halisi. Shirika la Afya Duniani lilisema wazi mwaka 2023 kwamba hakuna kiwango cha pombe kisicho na hatari kwa afya. Anayechagua kunywa achague kidogo, akiwa amekula, na maji yawe mezani toka mwanzo.

Usiendeshe baada yake. Gari wala pikipiki, hata kama nyumbani ni karibu. Panga usafiri kabla ya kufungua chupa. Mjamzito asinywe. Anayetumia dawa amwulize mfamasia kwanza. Mwenye pumu asome maneno "contiene sulfitos", yanayomwarifu kwamba mvinyo una salfaiti, kwa kuwa wapo wanaobanwa na kifua kwa sababu yake. Mtoto asionjeshwe.

CHUPA ILIYOBAKI

Ifunge mara moja na uirudishe kwenye friji. Kila saa inayokaa wazi mezani, hewa inafanya kazi yake. Ikifungwa vizuri na kupozwa, itakufaa kwa siku mbili, pengine tatu. Siku ya tatu inuse kabla ya kumimina.

Usipikie mvinyo ulioharibika. Moto hauponyi siki wala harufu ya kizibo; huzikusanya na kuziingiza kwenye chakula. Mvinyo unaotia kwenye sufuria ya kome uwe ule ambao ungekubali kuunywa. Kikombe kimoja kinatosha, kitunguu saumu kidogo, kotmiri, funika, epua maganda yakifunguka. Ulioharibika umwage.

Usiuwekee siku kuu. Hili ndilo kosa la watu wenye nia njema. Chupa hupewa heshima, huwekwa ingoje harusi, ngojeo linakuwa la miaka, na siku ikifika mvinyo umeshakufa. Cambados wenyewe wanajua zaidi. Tangu mwaka 1953 mji huo hufanya sherehe ya Albariño, ambayo kilele chake ni Jumapili ya kwanza ya Agosti. Ilianza kama shindano la kupima mvinyo wa nani ni bora, na hadi leo wakulima huja kushindanisha mvinyo wao badala ya kuuficha. Kwao sherehe hufuata mvinyo ukiwa tayari. Fuata mfano huo. Samaki mzuri akipatikana sokoni asubuhi, ipoze chupa mchana, na uifungue jioni hiyohiyo.